Fundo la Mjomba

Betri yangu ya kwanza iliuawa na mdogo wangu. Nasema iliuawa, wala sitafuti neno laini. Aliichukua siku tatu bila ruhusa, akaifungia redio na taa za uani, akainyonya mpaka ikabaki jina tu. Nilimfokea hadi sauti ikanikauka. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa kainamisha kwa adabu zote, kisha akaniuliza kama chai ilibaki.

Nilipopata nyingine nikaapa kwamba hii haifi mikononi mwa mtu. Na mimi nikiapa, ni mimi. Kwenye mitambo ya sola kuna kiboksi tunachokiita kontrola. Kinakaa katikati: kinapokea umeme wa paneli, kinailisha betri, kisha kinazigawia taa. Betri ikishuka sana, chenyewe kinakata taa ili kuiokoa. Mafundi wengi huacha kikate kwenye volti kumi na moja hivi. Mimi nilibonyeza vile vitufe viwili nikakipandisha mpaka kumi na mbili nukta mbili, kwamba taa zizimike betri ikiwa bado na karibu nusu ya nguvu zake. Sikumwambia mtu. Betri ilikuwa yangu, na niliona hayamhusu mwingine.

Sasa huyo mdogo wangu kazi yake ni kuchimba visima, na watu humwita Fuko. Anachimba kwa sururu na koleo fupi, shimo linavyozidi kushuka tunamshushia pete za zege za kuzuia kuta. Mimi ndiye ninayemwashia taa. Umeme wa nyumbani ukikutana na maji ndani ya shimo, mtu hapati hata nafasi ya kupiga kelele. Volti kumi na mbili hazina ubaya huo, unaweza kuzishika kwa mkono ulioloa. Nilichukua utepe wa taa za LED, nikauingiza ndani ya mpira unaopitisha mwanga, nikaziba ncha zote mbili maji yasipenye, nikauning'iniza kwa waya wake hadi juu kidogo ya kichwa chake. Utepe ule hauli umeme wowote wa maana, lakini shimo zima linakuwa jeupe hadi unahesabu kokoto. Nilijivunia sana ule utepe, nisiseme uongo.

Kazi hiyo tuliirithi kwa mjomba, kaka yake mama, tukaigawana: Fuko akachukua shimo, mimi nikachukua mwanga. Mjomba alituachia sheria moja isiyo na mjadala. Taa ikizimika, kamba inasimama. Havutwi mtu, haivutwi ndoo, mpaka taa iwake, kwa sababu aliye chini gizani hajui kulabu imeshika nini. Mwenzake wa ujanani alivutiwa ndoo ya mawe iliyoshikwa upande mmoja. Ndoo ikapinduka. Mjomba hakuwahi kutusimulia yaliyofuata, na sisi hatukuwahi kuuliza.

Alituachia na jambo jingine. Mjomba alikuwa haoni wekundu. Kwake waya mwekundu na waya mweusi vilikuwa kitu kimoja, giza tu. Kwa hiyo hakuwa na habari na rangi. Akishajua waya upi ni chanya, aliufunga fundo dogo karibu na ncha, na fundo hilo ndilo alilolifuata mpaka anazeeka. Fuko alizaliwa na macho yale yale ya mjomba. Mimi naona vizuri, na nilipokwenda chuo mwalimu alicheka fundo langu mbele ya darasa zima. Nyekundu chanya, nyeusi hasi, akasema, hayo mengine ni ushamba. Nikarudi nyumbani na cheti na mdomo. Kila nilipoliona fundo kwenye waya wa Fuko, lazima nimtupie neno.

Siku hiyo tulikuwa na kisima nyuma ya nyumba ya mwalimu mstaafu, na tulikuwa tumeshuka mita kumi na tisa. Mawingu yalikuwa yametanda siku ya tatu mfululizo na paneli ilikuwa imelala pale kama bati la kawaida. Asubuhi nilikuwa na kazi dukani kwa mtu, nikafika kisimani karibu saa sita mchana. Fuko alikuwa ameshashuka. Kwenye winchi alikuwapo mkewe, wifi yangu, mwanamke wa maneno machache na mabega ya kubeba nyumba. Mimi na yeye tunaheshimiana, lakini hatuzoeani. Naye alijua ninavyomsema mumewe.

Aliniambia kwamba waya ulikuwa haufiki tena chini, kwa hiyo Fuko ameunga kipande cha mita nne kwa mkono wake mwenyewe, ameujaribu, umewaka, akafunga kwenye kontrola akateremka. Nikauona. Mita kama tatu chini ya mdomo wa kisima kulikuwa na kiungo kimezungushiwa utepe wa gundi, kimevimba kama kifundo cha mguu kilichoteguka. Na juu huku, kwenye ncha, kando ya kontrola, fundo.

"Alisema nikuonyeshe," wifi akasema. "Amekufungia fundo."

"Mwambie mumeo mimi naona rangi," nikamjibu.

Wifi alishika mikono ya winchi akageuza uso. Mimi sikutazama hata limefungwa kwenye waya gani.

Mwanga wa chini ulikuwa umefifia kidogo. Fuko alilalamika kwa sauti inayopanda imevunjikavunjika, nami nikamjibu kwamba kipande alichounga ni chembamba, na waya mwembamba unakula umeme njiani, kwa hiyo avumilie alichokiunga. Halafu nikaipima betri. Kumi na mbili nukta tatu.

Hapa ndipo ninapojishika uchawi mpaka leo. Niliiona ile namba na nikaielewa. Nilijua imebaki pointi moja tu kontrola ikate. Vitufe viwili, sekunde kumi, ningeishusha chini na taa zingewaka mpaka jioni bila wasiwasi. Lakini nikaikumbuka betri ya kwanza, nikamkumbuka Fuko na redio yake, nikasema moyoni kwamba jua litatoka sasa hivi. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikala karanga.

Saa saba kasoro ndoo ikapanda na mchanga wa kijivu uliolowana, unaonata vidoleni. Wifi akauminya, tone likamdondoka. Kutoka chini tukasikia Fuko anaita maji, maji, sauti imejaa kicheko. Mwalimu mstaafu akatoka ndani mbio na glasi mkononi, kana kwamba anakuja kukinga bombani, na hata wifi akacheka. Tukaishusha ndoo tena. Fuko alitaka kuchota mchanga uliobaki ili chemchemi ipumue, kisha apande.

Ndoo ikagusa chini. Tukasikia koleo likikwaruza kokoto, tena na tena, kisha wifi akaanza kuipandisha.

Kontrola ikalia tik.

Mdomo wa kisima ukawa mweusi. Wifi akasimamisha mikono palepale, kama tulivyofunzwa. Tukangoja, na katika kungoja kule tukasikia kishindo kizito, kama mtu amebwaga gunia chini. Baada yake ikaja sauti ya maji, si ya kudondoka, ya kumiminika. Kisha Fuko.

"Taa! Dada, taa! Mguu!"

Mengine hatukuyapata, shimo liliyachanganya yote. Lakini nilielewa. Chini ya pete ya mwisho ya zege ukuta ulikuwa mtupu, maji yameusukuma, mchanga umeshuka ukamzika mguu. Na maji yanaingia, na pete ile ina upana wa mtu mmoja tu.

Wifi akalalia winchi kwa uzito wake wote.

"Usivute," nikamwambia.

"Anazama huyu."

"Kulabu imeshika nini? Unajua imeshika nini? Ndoo ina mawe ndani. Ukivuta ikapinduka, umemuua wewe."

Akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu, na sitaki tena. Lakini mikono yake ilitulia. Alichomeka kipini cha kuzuia winchi, akasimama amekishikilia hadi vidole vikawa vyeupe.

Mwalimu alikuwa ameinama na simu yake anamulika. Mwanga ule haukufika popote, uliishia kwenye matone yanayometameta katikati ya shimo, na chini yake giza lilizidi kuwa zito. Nikamwomba asogee. Nikachukua koleo la kukatia waya. Kutafuta bisibisi nilegeze skrubu za kontrola kungenipotezea muda, kwa hiyo nikazikata nyaya zote mbili kwa pigo moja, nikazimenya ncha kwa meno, nikazipeleka moja kwa moja kwenye betri. Nyekundu kwenye chanya. Nyeusi kwenye hasi.

Giza.

Nikazibana zaidi. Nikazikwangua vichwa vya betri kwa kisu nikabana tena. Giza lile lile. Betri ilikuwa nzima, nilijua ni nzima, kipimo kilikuwa kinanionyesha kumi na mbili nukta mbili machoni pangu. Kwa hiyo ubaya uko kwenye waya, nikasema, na kama uko kwenye waya uko kwenye kile kiungo chake kibovu. Kimeachia. Nilikasirika, ndiyo, hata katika dakika ile nilikuwa na hasira na mdogo wangu, kwamba kaunga ovyo na sasa ovyo wake unamuua mikononi mwangu. Mjinga mmoja aliye juu anamkasirikia mtu anayezama.

Kukifikia kile kiungo lazima niuvute waya juu. Na taa ilikuwa inaning'inia kwenye waya huo huo. Nikaanza kuvuta. Mkono kwa mkono, mita moja, na chini nikamsikia Fuko akipiga ukelele mwingine, kwa sababu alikuwa ameushikilia ule utepe kwa mkono kama kitu pekee alichokijua katika giza lile, nami nilikuwa namnyang'anya.

"Wifi."

Mke wa Fuko ndiye aliyeniita, bila kupaza sauti. Alikuwa amenyanyua mguu wake, na chini ya kandambili yake kulikuwa na kipande cha waya, kirefu kama kidole. Kimoja cha vile viwili vilivyobaki vimedondoka nilipokata. Akakiokota kwa mkono mmoja, wa pili haujaachia kipini, akaninyooshea.

"Fundo lenyewe si hili? Umelikata."

Kipande kilikuwa cheusi. Fundo lilikuwa kwenye waya mweusi.

Fuko haoni wekundu. Alipounga kipande chake aliunganisha mwekundu na mweusi, na mweusi na mwekundu, na hakuna njia angeweza kujua kwa macho. Lakini mjomba hakumfunza kutumia macho. Alizigusisha nyaya kwenye betri, upande huu taa haikuwaka, akageuza, ikawaka. Ndipo akaufunga fundo ule uliokuwa chanya, na ulikuwa mweusi, naye hakujua kuwa ni mweusi wala haikumhusu. Kisha akaacha ujumbe kwa mkewe ili mimi, dada yake mwenye cheti, nisikosee.

Nikauachia waya, ukarudi chini. Nikageuza ncha. Nyeusi kwenye chanya.

Shimo likawaka jeupe.

Maji yalikuwa yamemfika kwenye mbavu. Mguu wa kushoto ulikuwa umefukiwa hadi juu ya goti, uso wake umeinuliwa kwetu, macho ameyafumba kwa ukali wa mwanga. Kulabu nikaiona vilevile. Ilikuwa imeshika ndoo kwa sikio moja, na ndoo ilikuwa imejaa kokoto, iko usawa wa kifua chake. Wifi naye aliiona, nikamsikia anavuta pumzi.

Fuko aliiondoa ndoo kwenye kulabu, akaibandika kulabu kwenye mkanda wake wa kiunoni, akaitikisa kamba mara mbili. Tukashika winchi wote watatu, mwalimu naye, glasi kaibwaga. Hakuja. Tukalegeza. Akazama kichwa kizima, anafukua kwa mikono, akaibuka, akatikisa tena. Safari ya tatu mguu ukatoka na buti likabaki. Mita kumi na tisa. Mimi nilikuwa nageuza winchi na bado najisikia nazishika zile nyaya mbili, ingawa nilikuwa nimezibana chini ya jiwe juu ya betri, na kila mzunguko nilikuwa nasema usizimike, usizimike, kama mwendawazimu, kwa betri.

Alipofika mdomoni wifi alimkamata kwapani akamtoa kama mtoto. Akamkalisha chini. Alianza tu kumfuta matope usoni kwa khanga, akifuta mahali palepale, tena na tena.

Fuko alitetemeka kwa muda mrefu. Mwalimu akaleta blanketi. Mimi nilisimama pembeni, nangoja anitukane, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani anitukane.

"Fundo hukuliona?" akaniuliza. Aliuliza vizuri tu, kama mtu anayetaka kujua.

Wifi aliacha kufuta. Hakuniangalia. Angeweza kusema na hakusema, akaniachia mimi.

"Niliambiwa," nikasema. "Nikalidharau. Halafu nikalikata."

Fuko akatikisa kichwa polepole. Kisha macho yake yakaenda kwenye betri, kwenye zile nyaya zilizobanwa na jiwe, na kipimo changu kando yake, bado kimewashwa. Rangi haoni, lakini namba anazisoma.

"Kumi na mbili nukta mbili," akasema. "Dada. Betri haijaisha."

"Haijaisha."

"Sasa taa ilizimwa na nini?"

Ningeweza kusema kontrola imeharibika. Hakuna pale ambaye angejua, na neno lenyewe lilikuwa limeshanifika mdomoni. Nikalimeza. Nikamwambia kwamba niliipandisha mimi mwenyewe, siku ile ile nilipoinunua betri, ili asije akaimaliza tena. Kwamba saa sita niliona inakaribia kukata nikaiacha. Nilimwambia na habari ya karanga. Sijui kwa nini nilitaja karanga, lakini nilizitaja.

Alikuwa anautazama mguu wake uliobaki na soksi moja iliyojaa mchanga. Nilitegemea hata lile swali lake la kama chai imebaki, angalau nijue kwamba mimi bado ni dada yake wa siku zote. Hakuliuliza.

Siku nne baadaye jua likatoka, mchanga ukatulia, na pete mbili zaidi za zege zikawa tayari. Kisima kilibaki kimaliziwe, na Fuko ndiye wa kukimalizia. Nilifika alfajiri kabla yao. Nilikuwa nimeishusha kontrola mpaka kumi na moja. Nimenunua waya mpya mzito wa kipande kimoja, mita ishirini na tano, usio na kiungo popote. Nimeugusisha kwenye betri, nikageuza, nikahakikisha, na kwenye ule wa chanya nikafunga fundo. Mwekundu, safari hii. Nilikaa nao mapajani nikawasubiri.

Walipokuja, Fuko alinisalimia kama kawaida. "Shikamoo dada." Nikaitikia. Akauchukua waya mapajani mwangu, akaupapasa mpaka akalipata fundo, akalizungusha kidogo kati ya vidole. Nilidhani amelipokea.

Akalifungua.

Kisha akamwita mkewe, akampa ncha zote mbili, akamwonyesha betri. Wifi akagusisha upande mmoja, akageuza, taa ikawaka. Akafunga fundo yeye, taratibu, ulimi umetoka pembeni kidogo, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Fuko akalipapasa, akaridhika. Wifi akaketi kando ya kontrola, mahali pangu, juu ya ndoo yangu iliyopinduliwa.

"Dada, wewe leo shika kamba," Fuko akasema.

Sikubisha. Mimi, ambaye hakuna jambo nimewahi kuliacha lipite bila kubishana, nilikwenda kwenye winchi nikachomoa kipini. Akabandika kulabu kwenye mkanda wake, akakaa ukingoni, akajiachia, na uzito wake wote ukanijia mikononi.

Niliushika. Mwanga chini ulikuwa mweupe. Sikuuangalia. Niliangalia kamba.